Sauti Mia Mbili na Kumi na Nne za Mwalimu Eliud Byabato

Marehemu Mwalimu Eliud Byabato alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 huko Kiruruma, wilayani Karagwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Rwezaura na Bibi Kokuhirwa. Wawili waliomtangulia hawakukua. Familia ina siku nne haijalala vizuri, kwa hiyo wasifu huu hautapamba mambo. Mwenyewe hakupenda wasifu wa kupamba. Siku moja, katikati ya maziko ya jirani, alimnong'oneza mkewe, "Huyu wanayemsoma ni nani tena?"

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akaendelea Bugene, akitembea kwa miguu kwenda na kurudi, kisha akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1972. Alifundisha miaka thelathini na minane, kwanza Kiruruma na baadaye upande wa Kyerwa, wakati kote huko bado kulikuwa Karagwe. Alistaafu mwaka 2011. Wanafunzi wake waliopo hapa wanakumbuka fimbo yake, na wanakumbuka pia kwamba aliisahau nyumbani mara nyingi kuliko alivyokuja nayo.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa ya Kikristo na Avelina, binti wa Bugene. Mama Avelina amekuwa akisema, "Nilidhani nimeolewa na mwalimu, kumbe nimeolewa na makaseti." Na kweli. Mwaka 1983 marehemu alipata redio kaseti, akaanza kuzunguka kwa wazee kuwarekodi: nani alihamia lini, mpaka wa shamba ulipita wapi, nyimbo za kumpeleka bibi harusi, namna migomba ilivyotunzwa zamani. Aliomba majogoo wafungwe kwanza. Mzee mmoja aligoma kufungua mdomo mpaka aletewe rubisi, pombe ya ndizi, na kaseti ile ilikuwa na dakika nne nzima za kunywa tu, maana Mwalimu hakukata kitu.

Kaseti zilipoanza kuota ukungu, mwaka 2013, alizipeleka Rubwera kwenye duka la Bi. Anonciata, aliyekuwa akiwawekea watu muziki kwenye simu. Kaseti ya saa moja inataka saa moja, haina njia ya mkato. Walikaa pamoja miezi saba. Zilipatikana sauti za watu mia mbili na kumi na wanne, zikanakiliwa kwenye diski ndogo tatu za kuchomeka kwenye kompyuta. Moja alimpa mwanawe Dastan, mtumishi wa serikali Rubwera. Moja alimpa bintiye Joyness, muuguzi, anayeishi Bugene. Ya tatu alimkabidhi Mama Avelina. Kaseti zenyewe alizirudisha kwa familia za wenye sauti. Kama ipo nyumbani kwako, familia inakuomba usiitupe.

Hapo ndipo alipoanza kutuchosha. Kila Jumamosi ya kwanza ya Januari alipiga simu: umeifungua? Umesikiliza angalau tatu? Alisema kitu cha namna hii hakikai salama kwa kufungiwa kabatini, kinakaa kwa kufunguliwa, na kila baada ya miaka mitano kihamishiwe diski mpya. Tukamjibu, "Ndiyo baba, zote ziko salama." Joyness, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, aliifungua yake mara moja tu, mwaka 2014. Dastan alifuta sauti ili apate nafasi ya picha za harusi yake, akajiambia atazirudisha kutoka kwa dada yake, na mambo yakamzidi. Mama Avelina peke yake hakudanganya. Alisema diski iko salama pamoja na mbegu, na marehemu akadhani ni utani. Kama wanaume wengi wa rika lake, jikoni hakuwa mtu wa kuingia.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alilazwa mara tatu. Mwezi Mei mwaka huu, 2025, aliomba arudishwe nyumbani, na alipofika akaomba jambo moja: "Niwekeeni mama nimsikie." Bibi Kokuhirwa alifariki mwaka 1986, na sauti yake ilikuwa miongoni mwa zile. Joyness alichomeka diski yake, ikawa inagonga ndani tu, haifunguki. Dastan alikuja mikono mitupu na kukiri mbele ya kitanda. Ndipo Mama Avelina alipokwenda jikoni, akarudi na kitu cheusi kwa masizi, akakifuta kwa kanga yake. Miaka kumi na miwili kilikaa kwenye uchanja juu ya mafiga, ndani ya jani la mgomba, pamoja na mbegu za maharage.

"Avelina, umeiweka motoni," alisema marehemu.

"Nimeiweka kwenye moshi, baba Dastan. Kila tulichotaka kukiona mwakani tulikiweka pale. Niambie ni lini kiliharibika."

Marehemu akamshika mkono. "Hakijaharibika hata kimoja," akasema.

Diski hiyo nayo haikufunguka, ikapelekwa kwa fundi Bukoba. Kila asubuhi marehemu aliuliza, "Bukoba wanasemaje?" Nasi tukajibu kwamba bado, na safari hiyo tulisema kweli. Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake. Hakumsikia mama yake. Watoto wake wanaomba msamaha hadharani, kwa kuwa kwake wamechelewa.

Jumatatu fundi alipiga simu. Diski ya jikoni imetoa sauti thelathini na moja. Nyingine hazijulikani kama zitapatikana.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu saba, mdogo wake Polikarpi, na sauti hizo thelathini na moja. Ya mama yake imo. Tuliisikiliza jana, sote, mchana. Inaanza na Mwalimu akiwa kijana wa miaka thelathini na miwili, akisema kwa Kinyambo, "Mama, taja jina lako."

Bibi anacheka. "Jina langu si unalijua, mwanangu?"

"Nalijua mimi, sawa. Wewe litaje. Watakuja watu wasiolijua."

Basi tunalitaja. Aliitwa Eliud Byabato, mwana wa Rwezaura na Kokuhirwa. Mungu amjalie pumziko la amani.