Maisha ya Mdogo Wangu, na Mfarishi Ulio Juu ya Jeneza Lake

Ndugu, majirani, na wengine mliokuja kwa sababu zenu, tulieni. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mimi, dada yake mkubwa, kwa herufi hizo hizo chache nilizonazo. Aliyepiga chapa nimemwambia asininyooshee maneno. Atakayeona pamekosewa aniulize mimi baada ya mazishi, asimuulize jirani yake hapo alipokaa.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Baba yetu alikuwa mlinzi wa bohari, mama alifua nguo za watu. Alizaliwa na nywele nyingi mpaka mkunga akamuuliza mama kama alikuwa akimsuka huko huko tumboni. Alichelewa kutembea. Si kwamba hakuweza. Alikuwa akisimama, akiangalia miguu yake, kisha anakaa tena. Mama alisema huyu anataka kwanza ahakikishe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Kusoma alisoma vizuri kuliko mimi, na hilo si siri. Ila palikuwa na mwalimu wa ushonaji. Siku moja mwalimu huyo aliinua kitambaa cha mdogo wangu mbele ya darasa akauliza, "Huyu kashona kwa mkono au kwa mguu?" Darasa zima likacheka. Mwalimu akakifumua pale pale, uzi wote, akamrudishia kitambaa kimebaki matundu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alikuja nacho nyumbani amekikunja kwapani, hakulia, lakini tangu siku ile alianza kufumua. Mwalimu huyo alishakufa zamani na tulimwombea kama tunavyomwombea kila mtu. Alifanya vibaya. Kufa hakumsafishi.

Kazi aliipata mwaka 1969, kwa fundi wa sare za shule, chumba cha juu chenye madirisha upande mmoja na cherehani zimepangwa kufuata mwanga. Alikaa pale mpaka alipostaafu mwaka 2006. Alipewa kola, kwa maana kola ndiyo inayomsema fundi, na hakuna aliyepewa kola kabla hajaaminiwa. Ukimletea kipimo na mchoro wa mtu mwingine, kazi yako unaipata siku uliyoahidiwa, imepigwa pasi. Nusu ya watu wazima waliokaa hapa walisoma wakiwa na kola yake shingoni, na wengine hawakuwahi kusema asante.

Shida ilikuwa kazi ya kichwa chake mwenyewe. Alipenda kushona mifarishi, yale matandiko mazito ya vipande vya nguo vilivyoungwa, pamba katikati, kitambaa kingine chini, halafu unapitisha mshono wa mkono juu mpaka chini ili pamba isikimbie. Mwenye karakana alimruhusu kuchukua mabaki ya sare: bluu, kaki, kijani, na damu ya mzee. Hakupanga miraba kama watu wengine. Alipanga mapaa ya nyumba kama alivyoyaona kutoka dirisha la kazini, lile limeinama huku, hili limeegemea kule. Ulikuwa ukiangalia unajua hata wapi mvua inavuja.

Na hakumaliza. Alikuwa akifika karibu na pindo, amebakiza ukingo tu, anauinua kwenye mwanga, anaona mstari mmoja umepinda katikati, basi. Anafumua. Si ule mstari peke yake, anafumua mpaka mwanzo. Ukimwuliza, "Mdogo wangu, huu utakwisha lini?" anakujibu, "Kesho." Watu wakampa jina, Mama Kesho. Waliompa jina hilo wapo, wamekaa safu ya pili, wamevaa sare ya kikundi cha ushonaji. Mlikuwa mnasema akipita, mnadhani hasikii. Alikuwa anasikia. Masikio yake hayakuwahi kuumwa.

Aliolewa tarehe 21 Juni 1975 na fundi bomba ambaye mnamwona hapa mbele, na ndoa ilikuwa njema. Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache na subira nyingi. Usiku mmoja wa baridi alivuta mfarishi uliokuwa kwenye kiti akajifunika, kumbe bado una pini. Asubuhi mkewe akamkuta amekaa kitandani, mgongo una alama kama kuku aliyenyonyolewa. Akamwuliza, "Mbona hukuniamsha?" Akasema, "Niliogopa ukiamka utaufumua." Tangu hapo kila mgeni akikaa pale sebuleni shemeji alikuwa akimwambia, "Angalia, hapo pana pini," hata kama hapana. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa nafika kwenye jambo lililoniketisha kuandika.

Mwaka 2017, mwezi wa Mei, marehemu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Ndiyo, nyumba ya fundi bomba, na bomba la kwake ndilo lililokuwa likivuja. Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Akiwa huko, wifi yake, yaani dada wa shemeji yangu, ambaye pia ni mwenyekiti wa kikundi, alifungua kabati la mtu bila ruhusa akauchukua mfarishi wake mkubwa wa mabaki ya sare, uliokuwa umebakiza pindo tu. Kikundi kizima kikaukalia. Wakapitisha uzi mweupe, mistari minyoofu kama daftari, juu ya mapaa yake yote. Wakakunja pindo. Siku aliyorudi nyumbani na fimbo mbili akaukuta umetandikwa kitandani, na wanawake wamejipanga ukutani wanasubiri ashukuru.

Wifi akasema, "Haya wifi, tumekupunguzia mzigo."

Marehemu akauangalia mpaka pindoni. Akasema, "Wifi, nani alikwambia nimelemewa?"

"Si ulishindwa? Miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa sijamaliza."

"Basi umeshamalizwa, Mama Kesho. Pumzika."

Wakacheka. Nilikuwepo, nawajua waliocheka mmoja mmoja. Sitawataja, kwa heshima ya mahali hapa.

Wifi alimfulia nguo mdogo wangu siku zote za hospitali, hilo silifichi. Lakini nguo za mtu ukizifua hazigeuki zako.

Walipoondoka marehemu hakula. Alikaa nao siku kadhaa bila kuugusa, na niliogopa, kwa maana sura ile niliijua, ndiyo ile ya kitambaa cha kwapani. Kisha akaomba wembe, akaanza kufumua mishono ya kikundi. Wifi alipopata habari alikasirika, akasema huyu hana shukrani, na akakata mguu kwenye nyumba ya kaka yake.

Siku ya pili ya kufumua akaniita. "Dada, njoo uone."

"Nione nini? Uzi nimeshauona."

"Vuta hapa." Akanipa ncha ya uzi mweupe. Nikavuta. Ukaja wote, mstari mzima, kama uzi wa mdomo wa gunia.

"Haya, vuta hapa sasa." Akanionyesha uzi wake mwenyewe, wa zamani, uliokuwa chini ya ule mweupe. Nikavuta, kitambaa kikaja, meza ikasogea, uzi haukutoka.

"Vuta bwana, au umezeeka?"

"Zeeka wewe. Hautoki."

Akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Dada, mimi siku zote nilidhani mishono yangu ni mibovu. Ilikuwa inanitesa kuifumua, vidole vinatoka damu, nikawa nasema angalia ulivyoharibu, hata kufumuka haifumuki vizuri. Kumbe ilikuwa inakataa."

Hapo ndipo alipopona, na daktari wa nyonga hakuhusika.

Uzi mweupe aliutoa wote, na pindo lao pia, lakini msidhani ilikuwa rahisi baada ya hapo. Ule mstari uliopinda katikati aliuona kila siku. Alikuwa anauinua mfarishi kwenye mwanga, mkono unatafuta wembe wenyewe. Nikimwambia weka chini, ananiambia, "Kwani mimi nimeshika nini?" huku ameshika. Mara mbili alifumua kipande, mara mbili akakirudishia kilivyokuwa, kimepinda vile vile, akasema paa hilo hata kule nje limepinda. Nyonga haikumruhusu kukaa muda mrefu, hivyo alishona amesimama, ameegemea meza, subana kidoleni. Jumamosi, tarehe 2 Machi 2019, alikata uzi wa mwisho wa pindo. Hakuita mtu. Aliutandika kitandani, akapika, akamwita mumewe kula. Shemeji alipoingia chumbani akauliza, "Una pini?" Akajibiwa, "Hauna." Akalala.

Baada ya huo alimaliza mingine minne. Mitatu haikwisha na imo kabatini na sindano zake. Itabaki hivyo hivyo. Mtu asijitolee.

Ugonjwa wa moyo ulianza mwaka jana. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, tukapanda na kushuka ngazi za hospitali. Alifariki Alhamisi, tarehe 7 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono na mimi nimemshika mguu, kwa sababu mkono mwingine ulikuwa na dripu.

Juzi msibani mwenyekiti wa kikundi alisimama mbele ya watu akasema mfarishi huu ni kazi ya kikundi, kwamba utatundikwa ukumbini kwao na kibao chenye jina la kikundi. Tena aliagiza jambo hilo liandikwe kwenye ratiba hii ya mazishi. Nimelifuta. Mfarishi huo hapo, juu ya jeneza, umelifunika mpaka miguuni. Mwenye mshono wake mle aje mbele sasa hivi auonyeshe kwa kidole, tuuone sote. Tutamsubiri. Asipotokea, basi tusimsikie tena akiudai, si leo, si arobaini, si siku nyingine yoyote.

Hatutauzika wala hatutautundika. Jeneza likishafika kaburini, binti yake ataukunja. Usiku wa leo shemeji yangu ataulalia, kwa maana ndivyo alivyoagiza mwenye kazi.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja ambaye ni muuguzi, mwana mmoja ambaye ni dereva, wajukuu watano, dada mmoja, na wifi mmoja. Ndiyo, wifi nimemwandika. Ni wa familia, na leo amelia kweli, nimemwona.

Lala salama mdogo wangu, Mungu akupokee. Tumekuleta hadi hapa kama ulivyo, na hatukunyoosha kitu.