Honi ya Lori la Taka

Benchi letu hapa Bungoma liko kwenye mdomo wa uchochoro, nyuma ya msikiti. Zamani lilikaa ndani zaidi, ukutani, lakini rundo la taka la huko ndani lilipoanza kunenepa wazee wa benchi wakalihamishia huku nje penye upepo, na Injinia akaizika miguu ya benchi kwenye saruji lisiibwe. Ndio mradi wake wa pekee uliokamilika. Jumatatu hii kahawa ya Hasina ilikuwa chungu kuliko kawaida: bwana afya alikuwa amempa mpaka adhuhuri. Rundo likiwa bado lipo, kibanda chake kinafungwa.

— Usilie, Mama Naim, alisema Mheshimiwa, aliyewahi kugombea udiwani akapata kura chache kuliko watu wa boma lake. Hii ni siasa. Si lori hupita hapo barabarani kila Jumatatu? Dereva ananipigia honi, nampungia mkono, anaenda. Ananiheshimu, lakini amekatazwa kuingia.

— Silii, ni moshi, alisema Hasina. Na nikifungiwa, mtakunywa hiyo heshima.

— Amekatazwa na nani? aliuliza Redio, ambaye huleta habari kabla hazijatokea.

— Na wale niliowashinda.

— Uliwashinda lini, bana?

— Kimawazo.

Injinia akakohoa.

— Nyinyi hamuoni mbali. Taka inaachwa iive. Ikiiva inatoa gesi. Watavuta paipu mpaka Kitale.

— Kwani Kitale kuna nini?

— Kuna baridi.

— Ati baridi! alisema Redio. Hii taka yenyewe ni ya Kitale! Kuna jamaa wa Moi's Bridge anaileta hapa usiku, anaikuza, halafu anawauzia wakulima wa mahindi. Ameshaikata ploti. Ile kona ya maganda ya ndizi iko na hati.

— Huko Uingereza, kabla ya vita ya Hitler, taka ilibebwa na mkokoteni wa farasi, alisema Injinia. Farasi hana siasa.

— Wa hapa angegombea, alisema Hasina. Na Mheshimiwa angekuwa wa pili.

Hapo akafika Phanice, mpangaji mpya kutoka Naitiri, akisukuma mkokoteni uliobeba kitanda.

— Hamjambo wazee. Naomba njia.

Wakainua miguu. Mkokoteni haukupita. Wakavuta matumbo ndani. Haukupita. Mwishowe kitanda kikapitishwa juu ya vichwa vyao, Redio amefunika kikombe kwa kiganja. Phanice akajifuta jasho, akaangalia benchi, akaangalia rundo.

— Kwani lori ya taka huwa inapitia wapi?

Redio akaondoa kiganja kwenye kikombe, akapima kwa macho nafasi iliyobaki kando ya benchi. Injinia alitazama saruji yake kama mtu anayeona mtoto wake amekamatwa.

Barabarani honi ikalia, ndefu. Mkono wa Mheshimiwa ukapanda wenyewe, ukafika sikioni, ukashuka taratibu.

Honi ikalia tena.

— Dereva, usiende! Ngoja hapo hapo!

Hasina alikuwa ametoka kibandani na sururu begani.

— Vikombe vyangu kwanza, alisema. Halafu muinuke.

Wakainuka. Pigo la kwanza likarusha kokoto mpaka kwenye birika.

— Mama Naim, alisema Injinia kwa sauti ndogo, anzia huo wa kulia. Wa kushoto nilitia saruji mara mbili.