Thelma Rustad, Mwalimu wa Jiometri wa Chumba Namba 11

Marehemu Thelma Orpha Rustad alizaliwa tarehe 14 Machi 1909, shambani kwetu, maili tano kaskazini mwa mji huu wa Harlund, Minnesota. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Gunder na Inga Rustad. Mimi ninayesoma, Selmer, ni mdogo wake, na tulikuwa wawili tu. Mama alisimulia kwamba siku hiyo theluji ilifika madirishani, mkunga akachelewa, na alipofika alimkuta mtoto ametulia tuli, anaitazama taa. Dada alibaki hivyo maisha yake yote. Makelele hakuyapenda.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba, kisha Sekondari ya Harlund, akahitimu mwaka 1927 akiwa wa kwanza darasani. Alipotaka kwenda chuo cha walimu, Baba alikataa. “Msichana na pembetatu, wapi na wapi?” Dada akamjibu, “Paa la ghala lako linavuja, Baba, kwa sababu aliyelijenga hakujua pembetatu.” Baba alinuna siku nzima, kisha akampeleka stesheni mwenyewe.

Alifundisha aljebra na jiometri katika Sekondari ya Harlund kuanzia Septemba 1931 hadi Mei 1971, chumba namba 11, ghorofa ya pili. Wengi wenu hapa mlisimama mbele ya ubao wake mkitokwa jasho. Kwake jibu peke yake halikutosha, ilikuwa lazima useme umelipataje. Duane Moen, nakuona umekaa kule nyuma, wewe ndiye uliyemwambia, “Mwalimu, si inaonekana tu kwamba pembe hizi ziko sawa?” Naye akakujibu, “Hata ng'ombe huonekana mpole, Duane, mpaka uanze kumkamua. Thibitisha!” Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka pale, alikuja kucheka mezani kwetu Jumapili.

Dada hakuolewa. Mkataba wa bodi ya shule siku zile ulisema mwalimu wa kike akiolewa, kazi hana. Mwaka 1937 Palmer Lien wa kiwanda cha siagi alimposa. Dada akamwomba asubiri sheria ibadilishwe, naye akasubiri miaka miwili, akachoka, akaoa mji mwingine. Simlaumu. Sheria ilifutwa mwaka 1944, wanaume walipokuwa vitani na bodi ikakosa watu wa kufundisha. Dada alipoletewa habari hiyo alisema tu, “Haya, vizuri,” akaendelea kusahihisha.

Sasa nitasema jambo ambalo mchungaji aliniomba nilipunguze. Kila Oktoba wahitimu wa shule yetu hurudi nyumbani kuangalia mpira. Kila Oktoba dada alioka biskuti za siagi, akachemsha kahawa, akaacha mlango wa chumba namba 11 wazi, akangoja. Mwezi Mei, mkihitimu, mlikuwa mkimwambia, “Mwalimu, lazima nitakuja kukuona!” Alikuwa anawaamini, jamani. Mpira ukiisha, nyote mlimiminika ukumbini kwa kocha, kumpiga mgongoni na kupiga picha. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kumchukua dada kwa gari. Namuuliza, “Amekuja nani?” Anasema, “Mwaka huu wana haraka.” Biskuti tukawa tunazila sisi hadi Novemba. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Alipatwa na kiharusi mwezi Novemba 1979, akahamia nyumba ya wazee. Kitanda cha pili chumbani kilikuwa cha Bi Clara Dokken, ambaye hakuwa tena anamtambua mtu. Alhamisi moja binti yake, Arlys, aliyemaliza shule mwaka 1953, aliingia amebeba mfuko wa nguo za mama yake alizozifua. Kitanda cha dada ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Dada akapaza sauti, “Arlys Dokken! Umekuja kuniona!” Nilikuwa nimekaa pale pale, nikatamani sakafu ipasuke. Arlys akauficha mfuko nyuma ya sketi. “Ndiyo, Mwalimu, nimekuja kukuona. Unaendeleaje?” Akavuta kiti, wakazungumza mpaka kahawa ikapoa, ndipo akaenda kwa mama yake. Ikawa hivyo kila Alhamisi, kwa dada kwanza.

Februari mwaka huu Bi Clara alifariki, tukamzika hapa hapa. Alhamisi iliyofuata nilifungua chupa ya kahawa nikaanza kupanga vikombe. Dada akasema, “Weka viwili tu. Leo hatakuja mtu.”

“Dada, huenda akaja.”

“Usinibembeleze kama mtoto, Selmer. Mfuko wa nguo nilikuwa nauona tangu siku ya kwanza.”

“Sasa mbona ulinyamaza?”

“Nilipenda kuulizwa ninaendeleaje.”

Nikamimina vikombe viwili. Hata hatujanywa, mlango ukafunguliwa. Arlys alikuwa mikono mitupu, koti lina theluji mabegani. Dada akasema polepole, “Binti yangu, umesahau? Mama yako hayupo.”

“Sijasahau, Mwalimu. Nimekuja kwako.”

Dada akageuza uso ukutani. Nilidhani anaumwa, nikainuka nimwite muuguzi. Ndipo akanigombeza, “Selmer, unahangaika nini? Mpe mgeni wangu kiti!”

Kiharusi cha pili kilimpata mwishoni mwa Machi. Alifariki Jumamosi tarehe 4 Aprili 1981, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mimi na Arlys tulikuwepo.

Ametuacha mimi mdogo wake, mke wangu Borghild, na watoto wetu Carol na Dennis, waliomwita shangazi. Tumemwomba Arlys akae nasi benchi la mbele, naye amekubali. Ninyi wengine mmelijaza kanisa mpaka mmesimama ukutani. Mmechelewa, lakini asanteni kwa kuja.

Mungu ampe dada yetu pumziko jema.