Kiwiko cha Mzee Nyanda na Miaka Ishirini na Tisa ya Mama Felisita

Tarehe 30 Juni 1978 Mama Felisita Nyanjige anavua sare aliyoivaa kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa mwaka 1949 kama mfagizi wa wodi, akasomea uuguzi msaidizi akiwa tayari na watoto wanne, na tangu 1963 yuko nasi katika kituo cha afya hapa Bariadi. Akipita sokoni Somanda, vijana wengi humwamkia kwa adabu ya kupita kiasi, wakijua kwamba aliwaona uchi kabla hata mama zao hawajawaona.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Januarius Mayala, tabibu wa kituo, niandike sifa zake. Itabidi niandike na aibu zangu, maana hivyo viwili havitenganiki.

Nilifika hapa Januari 1975 nikiwa na cheti kipya na stetoskopu niliyoivaa hata nikienda kununua sukari. Mwezi uliofuata akaletwa Mzee Nyanda, mkulima wa pamba kutoka Nkoma. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa akiezeka nyumba yake katika kijiji kipya cha ujamaa, na paja lilikuwa limevunjika. Mito ilijaa, gari la kumpeleka hospitali kubwa halikuweza kupita. Tukamfunga mguu, tukamlaza chali, tukajua atakaa hivyo wiki nyingi.

Siku ya tisa Mama Felisita aliniita. "Ndugu Tabibu, kiwiko hiki cha kulia kinataka kufanya kidonda."

Kitabu changu kilisema kidonda cha kulalia huanza kwa wekundu. Basi nikatafuta wekundu kwenye ngozi ya Msukuma aliyelima juani miaka hamsini! Sikuuona, nikaandika kwenye faili kwa mwandiko wangu mzuri: "Kiwiko kizima." Mama akashika mkono wangu, akaugusisha mgongo wa kiganja kwenye kiwiko cha kulia, kisha cha kushoto. Cha kulia kilikuwa cha moto na kigumu. Nikamwambia ni joto la mchana.

Baada ya siku tatu ngozi ilipasuka. Kwa bidii ya mtu anayeficha kosa, nikawa nakimwagia spiriti kila asubuhi na kukibana kwa bandeji. Kidonda kikachimbika, usaha ukatoka, homa ikapanda. Usingizi uliniisha. Mzee angeweza kupoteza mkono, na mkulima wa pamba bila mkono atachuma kwa kitu gani? Nikamfuata Mama Felisita nyuma ya stoo. "Mama, nimeharibu. Nisaidie."

Hakunicheka. Aliniuliza tu, "Umewahi kukaa asubuhi moja ukamtazama?"

Tulikaa. Kichwa cha kitanda kilielekea mlangoni. Kila aliyeingia alisema "Mwangaluka," na mzee alijiinua kwa kiwiko kile kile, akajipinda amwone mgeni, ndipo akaitikia. Kufikia saa nne nilikuwa nimehesabu mara ishirini na moja. Nilipomkataza, alishangaa kweli kweli.

"Daktari, mtu anisalimie nami nimempa kisogo? Mimi ni ng'ombe?"

Mama hakumkataza. Alikigeuza kitanda, mzee akawa anautazama mlango. Akafunga kamba ya mkonge juu yake ili ajivute kwa mikono. Akashona mto wa pamba, akauweka chini ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo, kiwiko kikabaki hewani bila kugusa kitu. Spiriti akaninyang'anya. Kidonda akakisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakifunika kwa kitambaa safi bila kukibana. Mke wa mzee akaagizwa kuleta maziwa, mayai na kunde, maana ngozi haijengwi kwa uji mtupu. Sindano za penisilini aliniachia mimi, nadhani ili nami nijione nina kazi.

Wiki ya tatu usaha ulikauka. Wiki ya nane likabaki kovu. Msimu uliofuata Mzee Nyanda alichuma pamba kwa mikono yote miwili, akaja kumletea Mama Felisita jogoo. Mimi aliniletea salamu.

Tangu hapo kila mwuguzi mpya hufundishwa na Mama kugusa viwiko, visigino na makalio ya mgonjwa kila asubuhi, na kumgeuza asiyeweza kujigeuza. Kwa miaka mitatu hakuna kidonda cha kulalia kilichoanzia wodini. Kilianza kimoja tu ofisini: nilichubuka kiwiko kwa kuegemea meza nikiandika ripoti ya mafanikio hayo.

Mama Felisita anarudi Lalago kwa mumewe na mifugo yao. Tunakushukuru, Mama, kwa mikono yako na kwa kutuvumilia. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na wajukuu watiifu.

Kuanzia Jumatatu zamu yake naishika mimi. Mwombeeni Mama mapumziko mema. Na wagonjwa nao, tafadhali, msiwasahau katika sala.