Salamu Nilizolipia Kampala

Mwangaluka, mmeamkaje akina mayu, mama zangu. Asanteni, kaeni. Leo siwaamkii kwa urefu, na nikimaliza mtajua kwa nini.

Mwenyekiti kaniomba niseme kwa sababu wanne kati yenu mnaondoka Jumatatu kwenda Kampala kuchukua vitenge, na hamjawahi kutoka nje ya nchi. Mimi pia nilikuwa na safari yangu ya kwanza. Ilinipotezea meza ya sokoni, na ilinipotezea mtu. Jina lake silitaji. Mnaomjua nyamazeni, watoto wake wanasoma na wa kwenu.

Ilikuwa miaka ile biashara imeachiwa huria, kila mwenye nauli anajiletea mzigo mwenyewe, na simu za mkononi ndiyo kwanza zinashika mtandao hapa Bariadi, tena ukisimama upande wa juu wa soko. Nilikuwa na meza ya vitenge karibu na wauza dagaa. Mume wangu alikwisha kufariki. Meza ile ndiyo iliyotulisha mimi, mama yangu na wanangu watatu. Jirani yangu wa meza alikuwa shoga yangu, na si wa kuchekeana tu. Ndiye aliyemsimamia mwanangu wa mwisho ubatizo.

Yeye Kampala alishakwenda mara nne. Akaniambia, "Safari hii nenda wewe, meza nitakushikia." Akanifundisha yote: hela nizifunge kiunoni, mpakani nibadilishe za nauli tu, vocha ninunue huku huku kwa sababu kule za mtandao wetu haziuzwi. "Tena usinipigie," akasema, "utamaliza salio. Mimi ndiye nitakayekuwa nakupigia." Ndugu zangu, nawaambia, nililia pale stendi kwa kuona ninavyopendwa.

Na kweli alipiga, kila siku mchana. Sasa mnajua kwetu mtu haanzi na jambo. Umeamkaje, mhola? Mhola, salama. Miguu? Tumbo? Wenyeji wako? Kisha ananipa za nyumbani: watoto mhola, mama mhola, ng'ombe wa mjomba mhola, mvua imenyesha Ngulyati. Nami naitikia moja moja, maana nani atamkatia simu mtu anayemwamkia? Mwisho ananiambia, "Meza ipo, usiwe na haraka. Subiri mzigo mzuri ushuke." Nikasubiri, nalipia chumba, nakula mtaji.

Salio likawa halikai. Nakwangua vocha asubuhi, jioni imeisha. Nikadhani simu ni mbovu. Nikamshuku hata binti wa mapokezi kwamba anaitumia nikienda kuoga, Mungu anisamehe. Siku ya sita vocha ya mwisho ikaisha, simu ikanyamaza. Nikakaa siku mbili hivyo.

Pale nyumba ya wageni alikuwepo mama mmoja wa Bukoba, muuza mashuka. Tukiwa tunakula nikamlalamikia. Akauliza, "Kwani unapiga sana?"

"Sijapiga hata mara moja. Napigiwa tu."

Akaacha kula. "Mama we! Ukiwa nje na laini ya nyumbani, hata kupokea unakatwa salio. Huyo anayekupigia hajui?"

Nilifungua mdomo nimtetee. Ndipo nikakumbuka. Safari zake zote nne alikuwa hapokei simu yangu. Alikuwa anabipu mara moja tu, nijue yu salama. Mnacheka, lakini mimi nilinawa mikono, sikula tena.

Yule mama akanipa simu yake yenye laini ya Uganda. Nikapiga kwa mwenye kibanda cha simu kule sokoni kwetu, akatuma mtu amwite mama yangu. Mama, mzee wa kijijini Sola, mtu wa kuamkia mpaka kuku, siku ile hakuniamkia. Alisema, "Siku mbili nakuja hapa kibandani nikupigie, hupatikani. Rudi. Wanaandikisha meza upya." Asiyekuwepo alisemewa na jirani yake wa meza. Na wangu, shoga yangu, alinisemea: nimeolewa Uganda, sirudi.

Nilirudi na nusu ya mzigo. Nikamkuta kasimama nyuma ya meza mbili zilizounganishwa. Akaniona, akasema, "Umefika? Mhola?"

Sikuitikia. Soko zima liligeuka kutazama, maana huku kwetu kutoitikia salamu si jambo dogo. Nikamuuliza, "Ulijua kwamba nikipokea nakatwa?"

Alikunja kitenge kimoja, akakunja cha pili. Akasema, "Si ungekata? Nani alikulazimisha kusikiliza salamu?"

Mkuu wa soko akasema daftari limeshafungwa. Nikajifungia nyumbani mwezi mzima. Hata kanisani sikwenda, kwa sababu yeye alikuwa anaimba kwaya na sauti yake nzuri. Nilimchukia. Hasira nyingine ninayo bado, nisiwadanganye.

Asubuhi moja nikamwona mama anajitwisha lile furushi la vitenge, na magoti yake yale. "Mayu, unakwenda wapi?" Akasema, "Mnadani. Wewe endelea kulala." Alikwishafika kwenye ua wa minyaa nilipomkimbilia nikamtua. Siku hiyo nilikwenda mwenyewe mnadani Ngulyati, kwa miguu. Baadaye Sola, baadaye Malampaka siku za treni. Miaka mitatu nauza chini, mpaka nikapata meza nyingine, upande wa pili wa soko.

Wabeja, asante, mama yangu, uliyekaa pale nyuma unajifanya husikii. Wabeja ninyi mliosogeza turubai zenu nipate pa kutandika. Na yule mama wa Bukoba, aliyenitumia mashuka kwa kuniamini tu, popote alipo Mungu amtunze.

Sasa ninyi wanne. Mkifika, nunueni laini ya huko huko. Ya nyumbani ikiita, msipokee. Mkijisahau mkapokea, kateni hata kama mtu anaamkia, hata kama ni mimi. Mama yangu siku hizi ananibipu asubuhi mara moja. Inaita, inanyamaza, nami najua nyumbani ni mhola.

Mwaka jana nilikuwa Kampala, laini yangu ya nyumbani ikaita. Haikunyamaza. Nikatazama: ni namba ya yule shoga yangu wa meza, sikuwahi kuifuta. Nilikaa nayo mkononi ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Ile haikunikata hata shilingi moja, na ndiyo iliyoniuma kuliko salamu zote nilizozilipia.