Mwalimu Duaradufu na Jua Lililokaa Pasipo Pake

Miaka thelathini na mmoja ya kufundisha fizikia, yote katika shule hii, inakamilika leo Ijumaa tarehe 28 Novemba, siku anayostaafu mwalimu tunayemwita Duaradufu. Wanafunzi wavivu wa kutamka humwita Dufu. Jina hilo halimfai hata kidogo, maana vipindi vyake havikuwahi kupooza. Waliopooza ni sisi wenzake.

Sifa yake kubwa ni kufundisha kanuni tatu za mwendo wa sayari. Kila mwaka alipigilia misumari miwili ubaoni, akafunga uzi, akazungusha chaki, likatokea duara lililovutwa: duaradufu. Jua aliliweka penye msumari mmoja, akasisitiza kwamba katikati halikai, hata likibembelezwa.

Kanuni ya pili, kwamba sayari huongeza mbio ikikaribia jua, aliifundishia dirishani. Aliwaambia wanafunzi watutazame walimu. Tukipita mlango wa mkuu wa shule tulikwenda mbiombio, mafaili kwapani; tukifika upande wa chumba cha chai tulikokota miguu. Darasa zima lilielewa siku hiyohiyo. Mkuu wa shule naye alielewa, akamwita ofisini, na mashahidi wanasema mwalimu alikwenda mbio.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha raha. Ukuta wa nje wa maabara una mchoro mkubwa wa sayari, uliozinduliwa kwa hotuba tatu na utepe. Njia za sayari ni duaradufu safi kabisa, ila fundi rangi alilibandika jua katikati, kwa kuwa hapo, alisema, linapendeza zaidi. Kila mwaka wako watahiniwa wanaochora jua katikati kwenye mtihani, kama walivyoliona ukutani kwa miaka minne, na kupoteza alama. Mwaka jana walikuwa kumi na mmoja. Mwalimu alikuwa na ombi moja tu: jua lihame kabla yeye hajahama.

Mkuu wa shule alikataa, akisema jua likikaa pembeni wageni watadhani fundi alikosea. Baada ya kusumbuliwa sana aliunda Kamati ya Jua, naibu wake akiwa mwenyekiti na mimi, mwalimu wa kemia, nikiwa katibu. Kamati iliamua kusubiri kauli ya ofisi ya elimu, ng'ambo ya barabara, na haikukutana tena.

Mwalimu hakununa; aliiandikia ofisi hiyo mwenyewe, kisha akapiga hesabu. Kanuni ya tatu husema kadiri sayari ilivyo mbali na jua, ndivyo mwaka wake unavyorefuka, tena kupita kiasi cha umbali wenyewe. Barua ya kwenda kwa mkuu wa shule, hatua arobaini, ilijibiwa baada ya muhula mmoja. Ofisi ya elimu iko hatua mia tatu na sitini, yaani mara tisa, na kwa kanuni hiyo umbali wa mara tisa ni muda wa mara ishirini na saba. Akapata mihula ishirini na saba, miaka tisa kamili, kwamba jibu lingetua wiki yake ya mwisho kazini. Tulicheka hadi chai ikatupalia.

Jibu lilifika Jumanne wiki hii. Ofisi haina pingamizi jua kuhamishwa, mradi kwanza ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira.

Aliisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja, akaniuliza kama najua ngazi inakowekwa. Niliona haya. Miaka tisa nimekuwa katibu wa jambo nililojua ni la haki, na sikuandika hata mstari mmoja.

Asante, mwalimu, kwa subira uliyotufundisha na ile uliyotuvumilia nayo. Uwe na siku ndefu, afya njema na usingizi usiokatizwa na kengele. Wageni waalikwa wanaombwa wasimpe mkono mstaafu hadi saa sita, maana rangi ya njano haijamkauka. Wala mimi msinipe. Ngazi niliishika mimi.