Mama Agathe na Bustani ya Mujusi Ndani ya Kioo

Kutoka Bunia mpaka Mahagi-Port hakuna mutu mwenye ulimi mutamu kunishinda mimi, Orly, sentinelle, mulinzi wa mulango wa centre yetu ya afya. Mwanamuke akija hapa na kesi yake, nikimusalimia kwa mulango, anasahau kesi. Mbuzi wakisikia sauti yangu wanajipeleka wenyewe nyumbani. Njo maana wakubwa wameniachia mimi kuandika hii karatasi ya kuagana ninayowasomea. Félicien wa labo alijaribu wa kwanza. Yake ilikuwa inasomeka kama resultat ya choo.

Basi tuseme ya maana. Mama Agathe, infirmière titulaire wetu, mukubwa wa wauguzi, anaingia retraite leo, tarehe 31 Oktoba 2014, anapumzika baada ya miaka makumi tatu na moja ya kazi. Wanasema aliingia hapa akiwa musichana mwembamba. Mimi sikuwa nimezaliwa, kwa hiyo siwezi kuapa. Wakati wa vita wengi walikimbia, na hakuna wa kuwalaumu. Yeye alibaki, akifunga vidonda bila kuuliza mwenye kidonda anaitwa nani, maana siku zile jina la mutu lilionyesha kabila yake, na hiyo ilitosha kumuua.

Leo amani iko, lakini inatembea kwa ncha ya vidole. Watu wanauza pamoja sokoni, halafu kila mutu anarudi kwake mapema. Mahali wanapokaa bega kwa bega bila kuulizana ni kwenye benchi letu la kungojea sindano. Lile benchi ni kazi ya Mama Agathe, na ile sanduku ya kioo mbele yake pia.

Sanduku iliachwa na watu wa projet mumoja, samaki yao walipokufa. Mama Agathe alisema kioo kizuri hakitupwi. Akamukamata mujusi wa ukuta, yule wa usiku mwenye vidole vya kunata, akamuweka ndani. Mama wote walipiga kelele: huyu akianguka ndani ya sufuria, si tunamwanga chakula yote? Pasta mumoja alikuja kuombea chumba. Mama Agathe akamwambia: «Pasta, kaa kwanza, tupime tension yako, presha ya damu.» Ilikuwa juu. Tangu siku ile pasta anameza dawa yake na hana neno na mujusi.

Watoto walimupa jina la Direkteri, kwa sababu anakaa juu, hasemi, na chakula inamufuata pale pale alipo. Mutoto akimuangalia anavyolamba matone juu ya kioo, sindano inaingia na kutoka, na kilio kinakuja kikiwa kimechelewa.

Halafu mama wakaanza kuleta miti. Kwetu huwezi kupona ukaenda mikono mitupu. Mwenye kuku analeta kuku, asiye na kuku akaanza kuleta jani kwa bustani ya Direkteri. Hapo Mama Agathe alikuwa mukali kuliko watu wa douane kwenye mupaka. Kila muti ulikaa kwanza inje ndani ya kopo yake. Alikung'uta udongo wote wa zamani, akaosha mizizi na majani, maana nani anajua ni dawa gani ya wadudu ilipigwa kule shambani? Akangojea majani mapya yatoke. Akavunja kijiti: kikitoa maziwa, yale meupe ya sumu, hakiingii. Ua la laurier, lenye sumu mpaka mizizi, hata likupendeze namna gani, haliingii. Miiba haiingii, ngozi ya mujusi ni nyepesi. Kangaga ya kando ya mto iliingia, na yale majani marefu ya mustari mweupe ambayo kila barza ya Bunia iko nayo. Chini alilaza changarawe na makala ya jiko iliyopondwa, ili maji yasioze mizizi. Na sanduku ilikaa mbali na jua la saa sita, maana kioo kinapika kama sufuria.

Mimi nilimuuliza, kwa akili yangu kubwa: «Mama, mujusi hakuli majani. Taabu yote hii ya nini?» Akanijibu: «Orly, nyenje inakula jani, mujusi anakula nyenje. Sumu haiji na miguu yake. Inapita ndani ya mwingine.» Nilicheka. Nilikuwa ninacheka kila kitu.

Wakubwa walipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagana, alikataa kitenge, alikataa mbuzi. Aliomba kitu kimoja: Mama Léonie wa Shari atafutwe, aje akae hapa leo. Zamani, siku moja, Mama Léonie alikuja na mutoto wake kwa chanjo ya surua, na mukononi kopo ya taji ya miiba, lile ua jekundu, kama aksanti kwa malaria ya mutoto iliyopona. Aliondoka bila chanjo, hakurudi tena. Mama Agathe alimutafuta kule kwao Shari, jioni nyingi. Anaamini ukali wake juu ya miti njo ulimufukuza.

Mama Agathe, siye wote tunakuambia aksanti. Mungu akupe usingizi usiogongewa mulango, na bustani pana isiyohitaji kioo.

Kile kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe ni cha Mama Léonie. Nilimukuta kule Marabo, alipohamia. Mutoto anakimbia, chanjo alipata kwingine, na taji ya miiba imejaa maua mbele ya nyumba yake. Kuja alikataa, na sababu alinikumbusha mbele ya majirani zake wote. Hukumufukuza weye, Mama. Siku ile ulikuwa chumba cha ndani na sindano mukononi, ukanituma nimwambie: «Ua lake lina maziwa, ndani litamuumiza mujusi. Tutalipanda kwa mulango, pa heshima, kila anayeingia alione.» Mimi nilitaka kuchekesha benchi. Nilimwambia: «Mama, rudisha ua lako. Hapa hata mujusi hapendi watu wa kwenu.»

Benchi ilicheka. Mama Léonie alifunga mutoto mugongoni, akaokota kopo yake, akaenda.